Fotokopi ya zamani isitoke ku biro na karatasi za wanamemba



Siku hizi koperative nyingi zinabadilisha mashine za fotokopi. Proje moja inaisha, ingine inaanza, mfadhili analeta mashine mpya ndani ya karto, na watu wote wanakuja kuangalia. Ile ya zamani hakuna anaiangalia. Inasukumwa ku veranda, inafunikwa na bashi, halafu siku moja inapakiwa ku chukudu ao ku kamiyoneti na kuenda. Mimi nasema ile ya zamani njo ya kuangalia kwanza. Mpya inaweza kungoja wiki moja ndani ya karto yake, haitaoza.

Watu wengi wanafikiri fotokopi ni kama kioo: ukiondoa uso wako, sura haibaki. Mashine za zamani sana zilikuwa hivyo kweli. Mwanga unapita chini ya karatasi, sura inaenda moja kwa moja ku ngoma, wino wa unga unashika, basi. Lakini zile kubwa za sasa, zenye kusimama chini na kufanya fotokopi, skani na kuchapisha pamoja, nyingi zinafanya kazi kwa namna ingine. Zinapiga kwanza picha ya karatasi, zinaandika ile picha ndani ya diski, kisha zinachapisha. Diski yenyewe ni sawa na ile ya ordinatere. Karatasi inatoka, lakini picha inaweza kubaki mule mpaka siku picha ingine itaandikwa juu yake. Zile ndogo za mezani mara nyingi hazina diski, lakini nazo zinashika namba za simu, adresi za imeli na hata neno la siri la wifi ya biro. Kama haujui yenu iko na diski ao hapana, soma buku lake, ao chapisha ukurasa wa habari za mashine kutoka ku menyu, ao uliza teknisye mbele ya shahidi.

Jambo hili lilijulikana sana mwaka 2010. Waandishi wa televisheni ya CBS, kule Marekani, walinunua mashine nne za okazyo ku depo moja ya New Jersey, karibu dolari 300 kila moja. Walitoa diski, wakatumia programu yenye kupatikana bure ku intaneti, na kabla ya siku moja kuisha walikuwa na makumi ya maelfu ya karatasi. Kulikuwa madosye ya polisi ya mji wa Buffalo, karatasi za mishahara za kampuni moja ya ujenzi, na habari za wagonjwa kutoka kwa shirika la bima Affinity Health Plan. Shirika hilo lilikuwa limerudisha mashine za kukodi bila kufuta diski. Lenyewe lilihesabu kwamba jambo lile liliweza kugusa watu mpaka 344,579, na mwaka 2013 lilikubali kulipa serikali ya Marekani dolari 1,215,780. Na ku depo ile ile kulikuwa kontena mbili zimejaa mashine zenye kungojea kupelekwa ng'ambo, Argentina na Singapore.

Sisi tuko upande wa kupokea kontena kama zile. Mashine nyingi zetu zinafika za okazyo, zimeshafanya kazi miaka mingi ku biro za watu wengine. Kisha tukishazichosha, haziendi mbali. Zinaenda ku sekretariya piblike, mbele ya komini ao pembeni ya chuo kikuu, pale wanafunzi, wafanyabiashara, askari na kila mpita njia wanapiga fotokopi. Na mwenye kutengeneza mashine za sekretariya ile ni kijana mmoja mwenye tournevis na ordinatere ndogo. Sisemi yeye ni mwizi. Nasema hakuna mutu alimuambia ni nini iko ndani.

Na ni nini inapita ku fotokopi ya koperative? Liste ya wanamemba, na jina, kijiji, ukubwa wa shamba, hesabu ya miti ya kahawa ao ya kakao. Karte ya elektere ya kila mutu, juu njo kitambulisho tuko nacho. Namba ya simu yenye kupokea M-Pesa ao Airtel Money. Liste ya malipo ya mwisho wa msimu, na sinye ao alama ya kidole pembeni ya kila kiasi. Sasa tangu Ulaya ilitoa sheria yake ya mwaka 2023 juu ya mazao yenye kuharibu misitu (règlement namba 2023/1115), kahawa na kakao yenye kuuzwa kule inaombwa pia alama za GPS za kila shamba. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuonyesha nani, analala wapi, alipokea kiasi gani, na siku gani tunalipa.

Huku kwetu Kivu na Ituri sina lazima ya kueleza maana ya karatasi kama ile kushikwa na mutu mubaya. Watu wamefuatwa usiku kwa sababu ya feza kidogo kuliko ile. Wakati nazungumza jambo hili ku mikutano, kuna mzee mmoja wa kamati hapakosi kusema: «Sisi hatuko benki, mwanangu. Ni karatasi za kahawa tu.» Papa, kwa heshima yote: benki iko na walinzi na mlango wa chuma. Mama mwenye kuuza kilo mia mbili za kahawa iko na mbwa. Yeye alitupatia jina lake na namba yake ya simu juu tulimuomba, si juu alipenda. Na hata sheria ya nchi inatuangalia: amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ile yenye watu wanaita Code du numérique, inalinda habari za mutu binafsi, na koperative haikuondolewa humo juu ni ndogo.

Hatari ya kwanza ni ile, karatasi kuenda kwa wengine. Ya pili ni kinyume chake, karatasi zenyewe kutupotea, na kusema ukweli hii njo naona mara mingi zaidi.

Sekretere anaskani. Mashine inamuuliza: nitume wapi? Anafinya «kisanduku», ile foldere ya ndani ya mashine, juu ni rahisi na kle ya USB haiko karibu. Miaka mitatu anafanya vile. Kontra za wanunuzi, prosè-verbale za mikutano mikuu, resu za mkopo, vyote viko mule, na hakuna pahali pengine. Siku mashine mpya inafika, ni ya marke ingine. Haiwezi kusoma diski ya ile ya kwanza. Hata ukitoa diski na kuifunga ku ordinatere, inawezekana usione kitu, sababu mashine nyingi za miaka ya karibuni zinafunga maandishi kwa ufunguo wa siri wa mashine yenyewe. Zingine hazifungi, njo maana wale wa televisheni waliweza kusoma. Kwa hiyo usitegemee diski itasomeka siku utakuwa na lazima, na usitegemee pia haitasomeka siku mwingine ataishika. Haujui yako ni ya aina gani.

Basi skani zitoke wakati mashine ya zamani ingali inawaka. Kama imeanza kukufa, lipa teknisye aitengeneze kiasi cha kuiwasha siku mbili, hata kama kesho yake inaenda. Ile feza haipotei. Njia ya kutosha ni mbili. Kama mashine imefungwa na ordinatere kwa kamba ya rezo, karibu zote kubwa ziko na ukurasa wao wenye kufunguka ndani ya programu ya intaneti, hata bila intaneti yenyewe, na pale unaweza kukokota madosye mengi kwa mara moja. Bila rezo, utatumia kle, kisanduku kwa kisanduku. Wengine wanakata tamaa hapa juu mashine inakataa kle. Mara nyingi kle si mbovu. Mashine nyingi zinakubali tu kle yenye ilitayarishwa kwa namna ya FAT32, na kle kubwa za leo zinatoka ku butiki na namna ingine. Itayarishe upya ku ordinatere (hakikisha kwanza haina kitu unapenda), itakubaliwa.

Neno moja juu ya ordinatere: msibadilishe ordinatere na fotokopi wiki moja. Fotokopi nyingi za zamani zinatuma skani ku foldere ya ordinatere kwa lugha ya zamani, na tangu 2017 Windows 10 mpya haikuji tena na lugha ile imewashwa. Mukiweka ordinatere mpya mbele, ile fotokopi inaweza kunyamaza kabla ya kutoa vitu vyake, na mutafikiri imeharibika.

Skani zikishafika ku ordinatere, kazi bado. Zitakuwa na majina ya mashine, namba tupu, ndefu, moja baada ya ingine, hakuna mutu anajua gani ni kontra na gani ni fakitire ya mafuta ya jenereta. Kuwapa majina ni kazi ya uchovu na hakuna proje inailipa. Mimi napenda namna moja: mwaka, mwezi, siku, kisha kitu chenyewe. 2022-03-14 kontra ya kahawa. Kwa namna ile zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Kisha mutu mwingine, si yule alikopi, afungue. Ahesabu kama idadi ni sawa na ile ya mashine, afungue ya kwanza, ya mwisho na nyingi za katikati, aone kama kurasa zote ziko na zinasomeka. Nashikilia neno «mwingine». Mwenye kukopi amechoka na anapenda kuamini kwamba imeisha.

Kuna kosa lingine, la furaha: kuchoma karatasi kwa sababu «tumeshaskani». Hapana. Sertifika ya shamba ya konservatere ni karatasi yenyewe, skani yake ni picha ya kusaidia tu. Na vitabu vya hesabu pamoja na resu zake, sheria ya OHADA, yenye nchi yetu iliingia mwaka 2012, inaomba vitunzwe miaka kumi. Miaka kumi ni mirefu kuliko maisha ya fotokopi yoyote mutanunua. Tena mwenye kuuza Ulaya anaombwa kushika habari zake miaka mitano, na yeye akiulizwa, atatuuliza sisi. Skani ni kwa kutafuta haraka na kwa siku mchwa watakula kabati. Mchwa watakuja, hilo tunajua wote.

Sasa pa kuziweka. Kanuni yenye wapiga picha na watu wa ordinatere wanafuata ni nakala tatu, ku vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Ile «mahali pengine» njo watu wanaacha, juu inaomba safari. Lakini tukumbuke pahali tunaishi. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021 ulishuka tena, ukasimama ku mlango wa mji. Mwezi wa tano 2023, maji na mawe vilifunika Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, vikachukua watu kwa mamia. Nyumba nzima nzima zilienda na kila kitu kilichokuwa ndani. Kopi mbili ndani ya kabati moja ni kopi moja tu. Tena vita vinaweza kutufukuza asubuhi moja, na hakuna anakimbia na kabati begani.

Kwa hiyo: moja ku ordinatere ya biro, moja ku diski ya pembeni yenye kufungiwa ndani ya sanduku la feza, ya tatu ku mji mwingine, kwa union ya koperative ao kwa mshirika munamuamini, ao ku intaneti kama megabayiti inawezekana. Ili isikule megabayiti mingi, skani karatasi za maandishi kwa rangi nyeusi na nyeupe, dpi 200 ao 300. Rangi iachwe kwa ramani na picha za mashamba. Kle ya USB isihesabiwe kama kopi. Kle ni ya kubebea. Inapotea mfukoni, inaingia ku ordinatere za mjini na kurudi na virusi, na siku moja inakataa tu bila kuaga. Na ile kopi ya mji mwingine ifungwe na neno la siri, vinginevyo tumerudi ku hatari ya kwanza. Neno lile liandikwe, litiwe ndani ya bahasha mbili zenye kufungwa, moja kwa Papa Prezida, moja kwa Mama mtunza feza. Sekretere akipata mume ao kazi Kinshasa, neno lisiende naye.

Ikishahakikishwa kwamba kila kitu kimetoka, njo tunafuta mashine. «Futa» ya kisanduku haitoshi: inaondoa jina, kitu kinabaki chini yake. Mashine kubwa nyingi ziko na kazi ya kuandika juu ya diski yote, ku menyu ya msimamizi, inaomba kode ya msimamizi na saa kadhaa za umeme bila kukatika. Huku kwetu ile ya mwisho njo ngumu. Mimi napendelea kutoa diski na kuitunza, ao kuitoboa kwa mashine ya seremala. Najua mnunuzi atapunguza bei, juu mashine ingine haiwaki bila diski na itabidi atafute diski ingine. Apunguze. Nimeona kamati ikibishana saa nzima juu ya dolari hamsini za bei ya mashine, na diski yenye liste ya watu mia sita ilikuwa ndani, hakuna aliitaja. Tena kabla ya kuzima, futeni kitabu cha adresi. Wakati wa kuhamisha, teknisye anapenda kukopi adresi zote za zamani ku mashine mpya, na pamoja nazo imeli ya sekretere aliondoka miaka miwili. Skani zenu zitaendelea kumfikia.

Kwa mashine za kukodi, na zile butiki inachukua ya zamani ili kupunguza bei ya mpya, jambo hili liingie mu kontra kabla ya sinye: diski inabaki kwetu. Muuzaji atasema haijaombwa kamwe. Awe na sisi wa kwanza.

Na sisi wa mashirika ya misaada tuambiwe pia. Tunaleta mashine na otokola la jina letu mbele, tunapiga picha ya kukabidhi, tunaandika ku raporo «biro imepata vifaa». Hakuna mstari wa siku tatu za sekretere za kutoa skani, hakuna mstari wa diski ya pembeni. Diski ile bei yake ni ndogo sana kuliko ya karto za wino zenye tunanunua bila kuuliza. Kisha, proje ikiisha, tunarudisha mashine ku depo yetu mjini kwa sababu iko ku inventere yetu, na liste za wanamemba wa watu ziko ndani. Mashine ni ya proje, sawa. Zile karatasi hazikuwa za proje hata siku moja. Koperative yoyote yenye kuombwa kurudisha fotokopi iko na haki ya kusema: mutangoje tutoe vyetu. Kama ajenti wa shirika anakasirika, akasirike.

Kwa mkutano wa kamati wenye kuja, naomba kitu kidogo. Pale mu rejista ya vifaa, kwenye mstari wa fotokopi, ongezeni nafasi tatu: nani alitoa skani, nani alihakikisha, diski iko wapi. Majina matatu na tarehe. Bo ya kutoka ya ile mashine isipate sinye ya prezida mpaka zote tatu zijae, hata kama kamiyoneti imeshafika ku kiwanja na shofere anapiga honi.